Safari ya kumi na nne: bodaboda wa Tanga na mwendo wao

Anayetaka kujua kwa nini wakazi wa Tanga wanawalalamikia bodaboda asimame kwenye makutano yoyote ya Ngamiani saa 12 jioni. Mitaa ya pale imepangwa kama mashimo ya bao: barabara zenye namba zinakatana na nyingine kila baada ya nyumba chache, na kona karibu zote zimeshikwa. Hapa banda la chipsi, pale meza ya vocha, kule mkokoteni wa miwa umeegeshwa pale pale palipotakiwa pabaki wazi. Mwendesha pikipiki haioni barabara anayoikata mpaka gurudumu la mbele liwe limeshaingia. Anapiga honi, anapita. Honi imegeuka alama ya barabarani: aliyepiga kwanza ana haki, asiyesikia shauri yake.

Na Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, kwa hiyo mzee anayetoka Deep Sea na tenga la samaki nyuma haoni sababu ya kulipa nauli. Lakini baiskeli yenye mzigo haiendi mstari mmoja. Huyumba, hasa inapoanza kuondoka, na mwenyewe hana kioo cha kumwonesha nani yuko nyuma yake. Pikipiki ikimpita kwa upana wa kiganja, hata isipomgusa, kushtuka kwake tu kunatosha kumwangusha. Wanaotaka faini ipandishwe, au bodaboda wapigwe marufuku katikati ya mji, wanayaona haya kila siku.

Hesabu za mwendo pia ziko upande wao. Kilomita 50 kwa saa, kikomo cha sheria kwenye maeneo ya makazi, ni karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho hutumia kama sekunde moja kuona hatari na kuanza kukamata breki, kisha kwenye lami kavu, breki zikiwa nzima, anahitaji mita 16 nyingine mpaka asimame. Jumla mita 30. Akiwa kwenye 30, zote pamoja ni mita 14. Zitazameni namba hizo mbili kwa pamoja. Mtoto akichomoka mita 15 mbele, wa 30 anasimama kabla ya kumfikia. Wa 50, kwenye mita hizo hizo, ndiyo kwanza kidole kinafika kwenye breki. Anampiga mtoto kwa mwendo ambao karibu haujapungua. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takribani asilimia 4. Kwa kona za Ngamiani, hata hiyo 50 ya sheria ni mwendo wa kichaa.

Mpaka hapo hakuna wa kubishana na mlalamikaji. Kinachopungua kwenye hoja yake ni pale anapofunga mjadala kwa neno moja: wahuni. Hawana adabu, hawana shule, wakamatwe. Neno hilo halielezi kwa nini kijana huyo huyo, akimpakia mama yake kwenda Bombo hospitali, anaendesha kama amebeba mayai. Kuendesha taratibu anakujua. Kuna kitu kinachomlipa asipofanya hivyo, na kitu hicho kina jina ambalo kila kijiwe kinalijua: hesabu, yaani fedha ambayo dereva lazima ampelekee mwenye pikipiki kila siku.

Tuchukue mfano wa kawaida. Pikipiki ni ya tajiri, hesabu ni shilingi 8,000 kwa siku. Mafuta yamemaliza 5,000. Nauli ya mjini tuiweke 1,000 kwa safari. Safari 13 za kwanza si zake. Ni za tajiri na za kituo cha mafuta. Safari ya 14 ndiyo ya kwanza yenye sahani ya wali ndani yake. Siku mvua ya masika ikinyesha mpaka mchana, hesabu haipungui. Siku ya homa, haipungui. Aliye kwenye mkataba wa kumiliki, yule anayelipa kila siku kwa mwaka na ushei ili pikipiki iwe yake, amebanwa zaidi: akirudi nyuma wiki mbili, tajiri anaweza kuichukua hata kama imebaki miezi miwili, na mikataba mingi ya namna hii imesainiwa kwa mdomo tu. Halafu yupo deiwaka, anayeazimwa pikipiki saa chache jioni na mwenzake. Huyo anakimbiza hesabu juu ya hesabu.

Sasa weka faini juu ya mfano huo. Bajeti ya mwaka 2021/22 ilishusha faini ya makosa ya pikipiki na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000, na kelele zilizofuata zilikuwa kwamba serikali imewabembeleza wahuni. Lakini 10,000 kwenye mfano wetu ni safari 10. Kijana ameandikiwa saa 3 asubuhi. Jana yake safari ya 14 ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya kwake. Leo ni ya 24. Muda haukuongezeka, abiria hawakuongezeka, na jua litazama saa ile ile. Atafanya nini kuanzia saa 3 na dakika 5? Atafungua ekseleta. Atapakia mshikaki, kwa sababu abiria wawili kwa mpigo ni safari mbili kwa mafuta ya moja. Atapita mtaa wa nyuma kukwepa askari, na mtaa wa nyuma ndio wenye watoto na baiskeli. Kosa limeadhibiwa barabara kuu, deni limekwenda kulipwa uchochoroni. Ikiwa 10,000 inafanya hivyo, 30,000 ilikuwa inafanya mara tatu. Hii haina maana faini ifutwe. Ila anayedhani faini peke yake inapunguza mwendo hajaifuatilia pikipiki baada ya kuachiwa.

Na mwendo wenyewe unampa nini? Kilomita 3 kwa mwendo wa 50, bila kusimama popote, ni dakika 3 na sekunde 36. Kwa 30 ni dakika 6. Ameokoa dakika mbili na nusu kasoro kidogo. Kwa safari 15, kwenda na kurudi, ni saa moja na dakika 12 kwa siku, na hapo tumejifanya hakuna kona, matuta wala bajaji zilizosimama katikati ya njia. Ingekuwa abiria wamepanga mstari siku nzima, muda huo ungetosha safari kama kumi za kwenda na kurudi kwa mwendo huo huo wa 50. Lakini mchana bodaboda anakaa kijiweni anapiga soga. Abiria wa uhakika ni asubuhi na jioni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dakika alizozihatarishia shingo anakwenda kuzikalia kwenye benchi.

Hapo ndipo pana jambo ambalo asiye wa kijiweni halioni. Vijiwe vingi vina foleni: aliyetoka na abiria akirudi anaingia mwisho. Mnaotoka wanne kwa pamoja, atakayerudi wa kwanza atakuwa mbele ya wenzake watatu. Mbio halisi basi si za kumpeleka abiria, ambaye mara nyingi anapiga mgongo na kusema "taratibu, kaka" (ingawa yupo pia anayesema "nichape, nimechelewa", kisha jioni anawalaani bodaboda wote). Mbio ni za kurudi. Pikipiki tupu ni nyepesi, hakuna wa kulalamika nyuma, na kila sekunde ni nafasi kwenye benchi. Ukimuona mmoja anakata makutano bila kutazama, angalia kiti cha nyuma kabla hujamtukana.

Tuje kwenye chuma, maana adabu bila breki haisaidii. Pikipiki nyingi za biashara ni za injini ya cc 100 hadi 150, zenye breki za ngoma mbele na nyuma. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa kuwa pikipiki ikipunguza mwendo uzito mwingi unaegemea mbele na tairi la nyuma linakuwa jepesi. Lakini vijana wengi wamefundishana mtaani kwamba breki ya mbele "inapindua", kwa hiyo hawaigusi. Wengine wanalegeza waya wake kabisa. Anayetegemea ya nyuma peke yake, kwa 50 anahitaji kama mita 41 badala ya 30. Mita 11 za ziada ni Coaster moja na nusu. Ni kweli inapindua, ukiikamata kwa kushtukiza kwenye mchanga au gurudumu likiwa limekatwa kona. Ukiikamata taratibu kisha ukaongeza, gurudumu likiwa limenyooka, haikutupi. Hilo ni somo la nusu saa kwenye uwanja mtupu, na aliyejifunzia kwa rafiki jioni mbili hajalipata.

Inamieni mtazame upande wa gurudumu la nyuma. Kuna fimbo nyembamba inayotoka kwenye pedali, na mwisho wake nati ya kukazia. Kila breki shuu zinapolika, nati inasogezwa mbele kidogo ili pedali isizame. Ikifika mwisho wa uzi, hakuna tena cha kukaza: shuu zimekwisha, na chuma kinaanza kusugua ngoma. Pikipiki za namna hiyo zinapakia watu kila siku, na mwenyewe anajua, maana nati ameikaza kwa mkono wake. Kwa nini habadilishi? Kwa sababu ya mgao wa matengenezo. Desturi ya mikataba mingi ni kwamba injini ikifa ni ya tajiri, vitu vidogo vidogo ni vya dereva: shuu, balbu, cheni, waya, viraka. Yaani sehemu inayosimamisha chombo imekabidhiwa kwa yule ambaye mpaka safari ya 14 hana hata mia. Tajiri analinda injini kwa kuwa ndiyo mali yake. Oili atauliza kila wiki. Kuhusu nati, sijui kama wapo wengi wanaouliza. Ukaguzi wa barabarani nao unaishia zaidi kwenye kinachoonekana kwa haraka: leseni, bima, kofia ngumu, mshikaki. Uzi wa nati hauonekani mpaka upige goti.

Mpinzani mwenye akili atauliza: mbona mwenye pikipiki yake, asiyedaiwa na mtu, naye anakimbia? Swali zuri, na halina jibu la kumtetea kila mtu. Foleni ya kijiwe inambana yeye pia, na wengi wa "wenye zao" wanalipa mkopo, yaani hesabu iliyobadilishwa jina. Lakini wako wanaokimbia kwa utamu wa ujana tu, wanaong'oa saiti mira, vioo vya pembeni, kwa sababu zinaharibu umbo, wanaoendesha wamelewa usiku. Hao mkataba mzuri hautawabadilisha. Wa kwao ni askari. Na haki itendeke pande zote: dereva wa gari dogo anayekunja kulia bila indiketa, au anayefungua mlango bila kutazama kioo, anasababisha baadhi ya zile chenga tunazoziita uhuni, kisha anashusha kioo na kutukana.

Kati ya dawa zinazotajwa, ya kuwatoa mjini naiona ndiyo dhaifu kuliko zote. Abiria wa Mikanjuni anayekwenda sokoni saa 11 alfajiri hatapata daladala kwa kuwa tu pikipiki zimepigwa marufuku. Zile zenye maana ni ndogo, tena za bei ndogo. Hesabu ipangwe kwa wiki, siku sita, ya saba iwe ya mapumziko na ya fundi. Shuu, matairi na waya za breki ziingie upande wa tajiri, kama injini. Kwenye hesabu ya wiki hazitamfilisi. Kona za Ngamiani ziachwe wazi mita chache kila upande, jambo ambalo halmashauri inaweza kulifanya kwa rangi nyeupe na mgambo mmoja, ingawa mwenye banda la chipsi naye atauliza aende wapi, na atastahili kujibiwa.

Kinachoweza kuanza kesho bila kuomba ruhusa kwa mtu ni kubadilisha foleni. Badala ya aliyerudi kwanza kukaa mbele, kijiwe kiwe na ubao na chaki, majina upande mmoja, mistari ya safari upande wa pili, na abiria akija aitwe mwenye mistari michache miongoni mwa waliopo. Aliyerudi taratibu hapotezi kitu, kwa kuwa mistari yake haiongezeki akiwa njiani. Ugomvi utabaki kwenye safari ndefu, maana aliyekwenda Pongwe amelipwa mara kadhaa ya aliyekwenda Makorora, na hatakubali kirahisi kwamba ya kwake ichorwe mistari mitatu.