Tuache kupanga maua kama matofali

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kosta natoka Arusha narudi Moshi, nimekaa dirishani, na kuanzia Tengeru mpaka Usa River nikawa nahesabu vitalu vya maua vya barabarani mpaka nikachoka. Vyote vimepangwa vilevile. Viriba vyeusi chini, mstari kwa mstari, kama matofali yanayosubiri kukauka, vumbi la magari limelala juu ya majani mpaka huwezi kujua hii ni krotoni au ni nini, na mwenye kitalu kakaa chini ya mwavuli anasubiri mtu asimamishe gari. Iliniuma kwa kweli. Yule jamaa ana mali pale, tena mali nzuri, najua kwa sababu na mimi nauza maua kwenye kibaraza cha nyumbani hapa Majengo, mwaka wa sita huu, na miaka miwili ya kwanza nilikuwa napanga hivyohivyo na kulala njaa hivyohivyo.

(Huku kwetu chochote kinachopandwa kwa urembo ni ua, hata kama hakijawahi kuchanua maisha yake yote, kwahiyo nikisema maua namaanisha yote.)

Kilichonibadilisha ni mama mmoja wa kanisani kwetu, rafiki wa mama yangu. Alikuja kumjulia hali mama, akapita getini penye ZZ kama ishirini (yale maua ya majani mazito yanayong'aa) nimezipanga kwenye viriba, hakugeuza hata shingo. Akaingia sebuleni akakaa, na pembeni ya kabati la TV, kwenye ile kona ambayo mwanga haufiki vizuri, kulikuwa na ZZ moja niliyoihamishia kwenye chungu cha udongo. Chai haijaletwa kashauliza, "Mwanangu, hiki kiua umekipata wapi?" Nikamwambia shikamoo tena mama, ni haya haya uliyoyapita getini. Akatoka kuangalia, akarudi, akasema hapana, mi nataka hili. Akanunua na chungu chake kwa elfu ishirini, wakati kule getini kiriba kilikuwa elfu sita na wiki ile sijauza hata kimoja.

Toka siku hiyo msimamo wangu ni huu, mtu wa mjini hanunui mche, ananunua ile kona ya nyumba yake itakavyokuwa, na akiangalia kiriba kilichojaa vumbi hawezi kuiona hiyo kona hata umwambie vipi. Kazi ya kumwonyesha ni yetu sisi tunaouza.

Basi nikageuza kibaraza kikawa kama sebule. Stuli ya zamani, kabati la TV alilonitengenezea fundi seremala kwa mabaki ya mbao, ngazi ya mafundi rangi nikaiegemeza ukutani na kila kidato kina sufuria la maua, pazia jeupe nyuma ili majani yaonekane. ZZ nimeiweka kwenye kona yenye giza makusudi, maana kwenye giza giza inavumilia, ina viazi chini ya udongo vinavyotunza maji, na mteja akiiona imenawiri pale anajua hata kwake kwenye korido itakaa. Aloe iko juu kabisa jua linapopiga. Yani mpangilio wenyewe unampa maelekezo mteja kabla sijafungua mdomo. Wenye vitalu vikubwa hawahitaji kufanya hivi kwa miche yote, mita mbili tu mbele zinatosha, viriba vingine vibaki nyuma na bei yake ya viriba. Mi bei zote mbili naziandika wazi, kiriba hiki hapa, kilichoandaliwa hiki hapa, mtu achague mwenyewe, nani kasema maskini hataki ua.

Halafu kuna hadithi. Hapa ndo naona tunapoteza sana jamani. Mteja anaingia anashika ZZ ananiuliza, hili la nje ee? Anamaanisha limetoka Ulaya. Kumbe ZZ ni ya huku huku, inaota yenyewe porini kuanzia Kenya, inapita kwetu mpaka Afrika Kusini, ila Waholanzi ndo walioanza kuizalisha kwa wingi kwenye vitalu vyao miaka ya 1990 ikasambaa duniani, sasa inaturudia kama mgeni. Ile violeti ya Afrika, ile ndogo ya maua ya zambarau ambayo bibi wa Ulaya wanaweka dirishani, asili yake ni milima ya Usambara pale Tanga na milima ya jirani, mtawala mmoja wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliipeleka kwao mwaka 1892 na ikapewa jina lake la kitaalamu, Saintpaulia. Mi naandika haya kwenye kadi ya boksi, kwa Kiswahili, nachomeka kwenye chungu. Kadi ina jina, mwanga kiasi gani, maji mara ngapi, limetokea wapi, basi. Watu wanasimama wanasoma, na mtu akishasimama dakika mbili mbele ya ua ameanza kulipenda, nimeliona hilo mara nyingi mno.

Sasa niongelee chupa, maana ndo kilichonifanya niandike leo. Terariamu. Wateja wangu wanaziita bustani za chupa na jina hilo nimelipenda. Miaka minne nyuma nilinunua moja Arusha kwa muuzaji mmoja, zawadi ya mama mdogo alipohamia kwenye nyumba yake. Ilikuwa nzuri kwelikweli, chupa kubwa ya kioo, ndani sakulenti tatu (mimea ya majani manene yanayotunza maji) na kakaktasi kadogo, kokoto nyeupe, mfuniko umebanwa, nikaambiwa hii haihitaji maji mwaka mzima. Wiki ya tatu mama mdogo akanipigia anaongea taratibu kama mtu aliyevunja kitu cha watu. "Mwanangu naomba unisamehe, nadhani nimeliua ua lako." Mimea ilikuwa imeoza yote imekuwa uji. Na hakuiua yeye. Sakulenti na kaktasi ni mimea ya sehemu kavu, mizizi yake inataka kukauka kati ya maji na maji, ukiifungia kwenye chupa ule unyevu hauna pa kwenda inaoza tu, iwe kwa mama mdogo au kwa profesa wa mimea. Mtu mzima kaomba radhi kwa kosa la muuzaji. Sijalisahau hilo na bado naziona chupa za aina hiyo zinauzwa, zinapigwa picha, watu wanaweka moyo mwekundu.

Chupa ya kufungwa inataka mimea inayopenda unyevu, makangaga madogo, fitonia, peperomia, mosi (moss, yale majani madogo yanayotanda kama zulia penye unyevu). Ukipatia kiasi cha maji inajiendesha, maji yanapanda kama mvuke, yanagonga kioo, yanatiririka kurudi kwenye udongo, kama vile mvua ya kule juu mlimani inavyozunguka. Chini unaweka mawe, mi natumia moramu nyekundu maana hapa imejaa na rangi yake inapendeza kwenye kioo, juu yake mkaa uliopondwa, halafu udongo wenye mboji. Sakulenti nazo zipewe bakuli la wazi, mchanga mwingi, jua la kutosha, maji kidogo. Hizo ni bidhaa mbili tofauti na mi nimeziweka meza mbili tofauti ili mtu asichanganye.

Na haya mambo ya chupa siyo ya jana. Kuna daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, mwaka 1829 alifungia mdudu wa nondo kwenye chupa yenye udongo mbichi ili amwone akigeuka, badala yake akaona kangaga linaota humo ndani, wakati makangaga aliyokuwa anapanda bustanini yalikuwa yanakufa kwa moshi wa makaa ya mawe wa lile jiji. Mwaka 1833 makasha yake ya kioo yakapakiwa melini mpaka Sydney, miezi baharini, na mimea ikafika hai. Hiyo stori naisimulia nikiwa nimeshika chupa mkononi, watoto ndo wanaipenda zaidi, na mtoto akipenda mzazi anatoa hela.

Jinsi ya kuzionyesha. Kwanza chupa isiwekwe chini, hakuna mtu anayeinama kuchungulia chupa, iweke usawa wa macho. Mwanga utoke nyuma au pembeni, ila isiwe jua lenyewe, maana kioo kilichofungwa kwenye jua la Moshi la mwezi wa pili kinapika kilichomo kama sufuria. Hapa tuko kama mita 900 tu juu ya bahari, Arusha wako kwenye 1,400, chupa inayokaa raha kwenye kibaraza cha Njiro ukiileta huku inateseka, hilo nimejifunza kwa hasara. Asubuhi kioo kinatoka jasho mteja haoni kitu, fungua mfuniko nusu saa kabla ya watu kuanza kupita. Na weka taa ndogo ya betri nyuma kama unauza jioni, hapo hata anayepita na bodaboda anageuza kichwa.

Zinazotoka zaidi kwangu ni zile nilizotengeneza kimlima ndani, jiwe jeusi, mosi chini kama msitu, na punje chache za kokoto nyeupe juu. Watu wa Moshi walioko Dar wakija Desemba wanazimaliza. Lakini tafadhali sana, mosi na makangaga msiende kuyakwangua mlimani Kilimanjaro. Ule msitu ni hifadhi ya taifa, na hata ungekuwa sio, mosi inachukua miaka kurudi pale ulipoibandua. Mi ya kwangu naiotesha nyuma ya simtanki panapodondoka maji, juu ya vipande vya matofali, kila siku naipulizia, miezi kadhaa inakuwa zulia. Okidi za porini nazo vivyo hivyo, siuzi, na mtu akiniletea kwenye gunia simnunulii.

Kitu kingine kilichonishangaza ni kwamba watu wanapenda kutengeneza wenyewe kuliko kununua iliyokamilika. Nikaweka meza ndefu, bakuli la moramu, bakuli la mkaa, bakuli la mboji, trei ya mimea midogo, chupa za asali na za jamu nilizokusanya nikazichemsha, Jumamosi mchana mtu analipa elfu kumi na tano anatengeneza ya kwake na mimi niko pembeni. Wanakuja akina dada wanne watano wanapiga stori masaa mawili, na wakiondoka kila mmoja kabeba na ua lingine ambalo hakupanga kununua. Kitchen pati na sendoff ndo bado tumelala kabisa, meza zimejaa maua ya plastiki ya kukodi wakati ungeweza kukodisha mimea hai siku ile, na bustani za chupa zikakaa katikati ya meza kisha mgeni akaondoka nayo.

Vyombo visitusumbue. Ndoo za rangi, matairi, masufuria yaliyotoboka, na kwa sisi wa Moshi kuna magunia ya kahawa, unavalisha kiriba gunia, unafunga kamba ya katani, imekuwa zawadi. Kubeba ndo palikuwa pagumu tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, nikahamia kwenye maboksi ya dukani kwa mangi, chini natandika nyasi kavu na magazeti, chupa inafika Himo kwa bodaboda bila ufa.

Watalii wengi wanaopita na kupenda, mi huwa nawaambia ukweli, mmea wenye udongo kwenye begi la ndege ni shida, Ulaya tangu mwisho wa 2019 wanataka cheti cha afya ya mimea karibu kwa kila mmea. TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wenye hivyo vyeti makao yao yako Arusha hapo Ngaramtoni, lakini mtu wa siku mbili hana huo muda. Kwahiyo mi namlenga mteja wa ofisini, wa hoteli, wa saluni, mwalimu aliyepanga chumba kimoja. Hao wanarudi.

Kuna ua moja tu pale kibarazani ambalo halina bei. Masale. Duniani wanayauza sana, kwa kitaalamu ni Dracaena fragrans, ukienda duka la maua la Ulaya utayakuta kwenye chungu. Lakini kwetu Wachaga masale ndo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na ndo unayoyashika ukienda kuomba msamaha kwa mtu uliyemkosea, na bibi yangu wa Old Moshi aliponiona nimeyapanga na kibandiko cha elfu nane aliniuliza taratibu, "Mjukuu, na hayo nayo?" Nikabandua kibandiko palepale. Sasa nimeyapanda kwenye ndoo mbili, kulia na kushoto mwa mlango, ndo mpaka wa duka langu, na mtu akiyaomba namkatia. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja usiku saa mbili, nimeshafunga, hakutaka kueleza, kasema tu dada naomba jani moja la sale, nikachukua kisu nikatoka nje.