Ukichanganya Bourbon Mbili, Nini Hasa Kimebadilika?

Wapenzi wa bourbon, wiski ya Marekani inayotengenezwa zaidi kwa mahindi, wana mchanganyiko wao mashuhuri wa bourbon mbili: Weller Antique 107 sehemu 6, Weller ya miaka 12 sehemu 4. Wanauita Pappy ya maskini, kwa sababu siku hizi Weller na Pappy Van Winkle, ambayo bei yake haishikiki, zinatengenezwa kiwanda kimoja, Buffalo Trace cha Kentucky. Zote huwekwa ngano badala ya nafaka ya rai, ndiyo maana ni laini.

Mchanganyiko huo ni mtamu kweli. Ila sifa apewe nani? Antique ina kilevi asilimia 53.5, ya miaka 12 ina 45. Kwa 6 kwa 4 unapata 50.1. Huenda ulimi umefurahia ukali kupungua tu. Jaribu hivi: glasi moja tia ml 6 za Antique na ml 4 za ile ya miaka 12, nyingine tia ml 10 za Antique na maji ml 0.7. Pima kwa bomba la sindano, funika dakika 20, kisha mtu mwingine akupangie glasi usijue ipi ni ipi. Ukishindwa kuzitofautisha, chupa ya pili umeinunua bure.

Wanaopinga kuchanganya nyumbani husema chupa ya kiwandani tayari ni mchanganyiko. Ni kweli: kiwanda cha Four Roses kina mapishi 10, yaani fomula 2 za nafaka kwa hamira 5, na bourbon yao iitwayo Small Batch huunganisha manne. Lakini mtaalamu wa kiwanda anachanganya kwa ajili ya wanywaji wote. Wewe ukiwa na bourbon iliyokaa mno kwenye pipa, inayokausha ulimi kama chai iliyochemka sana, unayo kasoro ya kurekebisha. Iongezee changa yenye utamu, ukianza na 9 kwa 1, halafu 8 kwa 2. Ukirukia nusu kwa nusu hutajua ilipopita kiasi.

Kumiminia mabaki yote kwenye chupa moja bila kuandika vipimo sikubaliani nako kabisa. Baki lililokaa miezi kwenye chupa yenye hewa nyingi limeshapoteza harufu, na litaizimua nzuri uliyoitia jana.

Ukipata uwiano unaokuridhisha, jaza chupa ndogo hadi shingoni, iache wiki moja, ndipo uonje tena. Bourbon isiyochujwa kwa baridi (yaani haikupozwa kabla ya kuchujwa) kilevi chake kikishuka chini ya asilimia 46 hivi yaweza kufanya ukungu, haijaharibika.