Ubingwa wa Kuzuia Ugonjwa: Kati ya Ontario na Wilaya Niliyoiacha

Niko mwaka wa nne kati ya mitano ya mafunzo ya ubingwa wa afya ya jamii na tiba kinga katika jimbo la Ontario, Kanada, na kila ndugu wa Tanzania anayenipigia simu huuliza kama nasomea moyo au mifupa. Huwa namjibu kwamba nasomea namna ya kumfanya mtu asifike hospitali, naye hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama kazi hiyo ina mshahara.

Ina mshahara, tena tangu siku ya kwanza ya mafunzo, na hapo ndipo tofauti kati ya huku na Tanzania inapoanzia. Daktari hapa hupita wodini na kliniki, husoma shahada ya uzamili, halafu hukaa miezi mingi katika ofisi za afya za mitaa na za jimbo akisimamiwa na bingwa. Msimamizi wangu alinipa niandike tangazo la kuwataka wakazi wa mji mdogo wachemshe maji ya kunywa. Nililiandika mara tatu. Alifuta kila “huenda” niliyoiweka, akaniuliza mama mwenye kichanga atajuaje kwamba maji yakishatokota ayaache yaendelee kutokota dakika nzima. Ukali huo una historia: Mei 2000, katika mji wa Walkerton hapa Ontario, samadi ya ng'ombe iliingia kisimani baada ya mvua kubwa, watu 7 wakafa na zaidi ya 2,300 wakaugua. Wasimamizi wa maji walisisitiza kwamba maji ni salama, lakini mganga wa afya ya jamii alitoa tangazo tarehe 21 bila kusubiri majibu ya maabara ya sampuli za maji.

Mimi, kule Tanzania, nilikaimu nafasi ya mganga mkuu wa wilaya miaka miwili tu baada ya kumaliza intani (mafunzo ya vitendo baada ya chuo), na kipindupindu kilipoingia niliagiza dripu na vitanda, kwa kuwa wodi ndiyo niliyofundishwa. Aliyenishika mkono ni bwana afya, mzee wa pikipiki aliyevijua visima vyote vya kata ile. Alinipeleka hadi kwenye kisima kimoja, akanionyesha choo kilichochimbwa upande wa juu wake, akasema, “Daktari, dripu zako zinatokea hapa.” Mpaka leo naumia nikikumbuka siku tulizopoteza kabla sijamsikiliza.

Sisemi kwamba kwetu hakuna ujuzi. Tuna Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na tangu 2008 tunafundisha wataalamu wa kufuatilia milipuko wakiwa kazini. Homa ya virusi vya Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023 ilitangazwa Machi 21 na kumalizika Juni 2, ikiwa na wagonjwa 9 na vifo 6, kwa sababu waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ya miguu siioni huku, ambako mara nyingi nafuatilia watu kwa simu na sura zao sizijui.

Ninachotaka ni kwamba daktari anayeandaliwa kuwa mganga mkuu wa wilaya alipwe kwa angalau miaka miwili ya kujifunza pembeni ya mzoefu kabla ya kukabidhiwa ofisi, gharama hiyo ibebwe na Serikali badala ya mfuko wake mwenyewe, na katika jopo la kumpima awepo bwana afya.