Herufi za Sisimizi

Jamani, mbele ya chupa ya soda machungwa saba yanatiririka maji, maandishi makubwa kama ya bango: LADHA ASILIA. Geuza nyuma sasa. Huko ndiko mambo yamefichwa, kwa herufi za sisimizi. Sheria ya Ulaya inasema herufi x isipungue kimo cha milimita 1.2. Waliopitisha hiyo, nadhani, walikuwa na macho ya mwewe.

Haya, tumhoji huyu bwana Lebo. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito mbele. Wa kwanza, maji. Wa pili, sukari, ambayo haina namba ya E, ile ambayo Ulaya hukipa kila kiongezwa cha chakula kilichoidhinishwa, na kwa hiyo haimtishi mtu. Machungwa yetu saba yanakuja wa tatu, yanahema. Wa nne, E330, asidi ya sitriki. Unashusha pumzi: afadhali, limau hilo. Limau gani? Tangu 1919 viwanda vinaivuna kwa ukungu, Aspergillus niger, unaolishwa sukari. Limau halina habari. Ni salama, sibishi, ila mbona picha ya ukungu haikuwekwa mbele?

Wa tano, E211, benzoeti ya sodiamu, ya kuzuia chachu na kuvu. Hapo mjuaji haumkosi: “Sumu hiyo! E zote sumu!” E300 ni vitamini C, mzee. E948 ni oksijeni, na unaivuta hapo ulipo kutupigia kelele. Fanya hesabu kwanza. Ulaya wanachukua dozi isiyomdhuru mnyama wa maabara, wanaigawa kwa 100, inabaki miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 ana miligramu 300. Soda kule huruhusiwa hadi miligramu 150 kwa lita, kwa hiyo anywe lita 2 kila siku ndipo agonge mpaka. Mtoto wa kilo 20 anaugonga kwa theluthi mbili tu za lita, na ndiye huyohuyo anayelilia chupa ya pili!

Mimi E211 peke yake hainisumbui. Inayonisumbua ni E211 kufungiwa chupa moja na E300, ile vitamini C, kisha chupa inaanikwa juani dirishani. Joto na mwanga vikiwakuta wawili hao, benzini hutokea, kemikali inayosababisha saratani. Kidogo, ndiyo, lakini nani aliiagiza? Chupa ikae kivulini, basi. Kivuli nacho kinahitaji kibali?

Wengine wanaandika “haina E621”, yaani glutamati ya kukoleza ladha, kumbe ndani mna dondoo la hamira: glutamati ileile, imepitia mlango wa uani. Wenye pumu nao watafute E220 hadi E228, yaani salfaiti, vihifadhi vinavyoweza kuwabana kifua, wakiwa na miwani na subira.

Na tarehe ya mwisho wa matumizi? “Tazama kifuniko.” Kifuniko! Kifuniko kimeshabingirika chini ya kabati, na kabati lenyewe lina mguu mmoja mbovu, ukiligusa tu...