CIA, Manson na ubishi wa kijiweni Mtwara

Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Mtwara mjini, bei ya korosho ikishachosha, mtu hutoa simu na kuweka video ya Kiswahili: Charles Manson, kiongozi wa kundi la wauaji la Marekani, hakuwa mwendawazimu, alitengenezwa na CIA, shirika la ujasusi la nchi hiyo. Vijana hukubali kabla haijaisha. Wazee hucheka, ingawa ndio haohao waliotutisha utotoni kwa habari za mumiani wa kunyonya watu damu. Mimi naona vijana wana hoja, ila wamemshika mtu asiye sahihi.

Msingi wa hoja si uzushi. Mwaka 1953 CIA ilianzisha mradi wa siri ulioitwa MKUltra, ikitafuta njia ya kutawala akili za watu. Wengine walinyweshwa LSD, dawa ya kulevya inayoleta njozi, bila kujua. Mmoja wao, mwanasayansi Frank Olson, alianguka kutoka dirisha la hoteli New York siku chache baada ya kunyweshwa, akafa. Mwaka 1973 mkurugenzi wa CIA, Richard Helms, aliamuru nyaraka za mradi ziharibiwe. Zilinusurika kurasa kama 20,000, nyingi za mahesabu ya fedha, kwa kuwa zilikuwa zimewekwa kwingine.

Sasa Manson. Alitoka gerezani mwaka 1967 akaenda San Francisco, kwenye mtaa wa Haight-Ashbury. Mwaka huohuo Louis Jolyon West, daktari wa akili aliyewahi kufanya utafiti kwa fedha za MKUltra, alikuwa mtaani humo akiwachunguza vijana. Agosti 1969 wafuasi wa Manson waliua watu saba Los Angeles ndani ya usiku wa siku mbili. Ni rahisi kuona kwa nini mtu anashtuka. Lakini hakuna karatasi wala shahidi anayewakutanisha wawili hao, na ukiuliza unajibiwa kuwa ushahidi uliharibiwa. Kwa jibu hilo hata mimi naweza kuwa jasusi. CIA nayo haina uso wa kulalamika, maana pengo hilo imelichimba yenyewe.

Ningependa kijiwe kimjadili James “Whitey” Bulger, jambazi wa Boston. Huyu LSD alipewa kweli, miaka ya 1950, akiwa mfungwa Atlanta, katika majaribio yaliyolipiwa na CIA. Mwaka 2013 mahakama ilimkuta na hatia ya kushiriki mauaji ya watu 11. Mpenda njama atasema kesi imekwisha. Haijaisha: Bulger aliingia gerezani akiwa tayari mwizi wa benki, na sijasikia kuwa wafungwa wenzake waliopewa dawa ileile waligeuka wauaji wa kutajwa.

Mkono wa serikali ulikuwepo kwa Bulger, ila kwa namna isiyovutia kwenye video. Makachero wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, walimtumia kama mtoa habari dhidi ya genge la Kitaliano, nao wakamlinda. Mwishoni mwa 1994, alipokaribia kushtakiwa, kachero mstaafu John Connolly alimtonya akakimbia, asikamatwe hadi 2011. Hapakuwa na uchawi wa akili. Palikuwa na urafiki, rushwa na kufumbiana macho, mambo ambayo yeyote aliyewahi kufuatilia faili lake ofisini anayaelewa. Yalijulikana kwa sababu jaji aliwaweka makachero kizimbani wakahojiwa, na mwaka 2002 Connolly akatiwa hatiani.

Hapo ndipo nawaelewa wanaokataa kuridhika na kauli rasmi. Basi letu la Dar hupita Kibiti, ambako mwaka 2017 polisi na viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alichukuliwa Novemba mwaka huo na hajaonekana tena. Abiria mmoja atakwambia ni magaidi, mwingine atakwambia ni wakubwa wenyewe. Nikiwauliza wamejuaje, wote wawili hunijibu kwa kunong'ona, wakati swali lenyewe lilistahili kuulizwa kwa sauti mbele ya hakimu.