Kuba kubwa au jicho la samaki: lenzi ipi ishuke nawe Mnemba na Pemba

Kijana mmoja wa Nungwi, kazi yake kuongoza wageni wanaozamia, amenunua kamera ya fulfremu iliyokwishatumika, yaani ile yenye sensa, kile kipande kinachopokea picha, ya milimita 36 kwa 24. Kasha lake la kuzuia maji, hauzingi kama tunavyoliita, analo. Swali lake likawa: "Ami, sasa nichukue lenzi gani na kuba gani?" Kuba ni kile kifuniko angavu cha nusu duara kinachokaa mbele ya lenzi kwenye hauzingi. Fedha ya kijana inatosha seti moja tu, na mbili zinamvuta. Ya kwanza ni lenzi ya pembe pana inayonyoosha mistari, tuseme ya milimita 16-35, pamoja na kuba kubwa lenye kipenyo cha milimita 230. Ya pili ni lenzi ya jicho la samaki, inayoona pana mno lakini hupinda mistari, na kuba dogo la milimita 140. Nimezama na zote mbili. Kwa bahari yetu namwambia aanze na jicho la samaki, ila upande wa pili una hoja nzito, na mojawapo sijaweza kuipangua mpaka leo.

Pembe pana tunaitaka kwa sababu moja kubwa: kumsogelea unayempiga ili maji yaliyo kati yenu yapungue. Maji hunyang'anya rangi, na nyekundu ndiyo ya kwanza kuondoka, ndani ya mita chache tu. Taa zetu nazo hazifiki mbali. Zaidi ya mita moja na nusu huwa zinamulika uchafu kuliko samaki. Wakati wa masika, Mnemba ikiwa imejaa chembe zinazoelea, anayepiga kutoka mita tatu anarudi na picha ya vitone vyeupe.

Sasa hapo kioo kinaingia. Ukiiweka lenzi ya milimita 16 nyuma ya kioo bapa, upana wake wa kuona wa nyuzi 107 unashuka chini ya maji mpaka kama 74, kwa kuwa mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani. Kuba linairudishia lenzi upana wake, lakini linadai malipo. Mbele ya kuba hutokea taswira ambayo ndiyo lenzi inaiona badala ya kitu chenyewe. Kwa kuba la nusu duara lenye nusukipenyo cha sentimita 9, hata mwamba ulio mbali kabisa lenzi inauona kama uko sentimita 27 hivi mbele ya kioo. Na taswira hiyo imepinda kama bakuli. Lenzi ya kunyoosha mistari hutaka taswira bapa, kwa hiyo katikati inalenga sawasawa na pembeni inakosa.

Nina picha ya Misali, Pemba, ya tumbawe la upepeo kwenye ukuta, niliyopiga kwa f/8 (namba ya f ikikua, tundu la lenzi linabanwa zaidi) na kuba la wastani. Katikati unaweza kuhesabu vijitawi vyake kimoja kimoja. Ukisogea kwenye kona ya chini kulia, vijitawi vilevile vinaburutika kuelekea nje, mithili ya wino uliopitiwa na kidole kibichi. Haikuwa kosa la kulenga wala mkono haukutikisika. Ni kuba lile na lenzi ile.

Dawa yake ni mbili: kuba kubwa zaidi, au kubana tundu la lenzi mpaka f/13 au f/16. Kubana ndiko kunakonifanya niwatahadharishe vijana juu ya fulfremu. Ili sehemu ya mbele na nyuma inayoonekana kali iwe ileile, f/8 ya kamera ya Micro Four Thirds, yenye sensa ndogo, ni sawa na f/16 ya fulfremu. Kutoka f/8 hadi f/16 ni hatua mbili za kubana, maana yake unahitaji mwanga mara nne. Ama uwe na taa zenye nguvu hiyo, ama upandishe ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, na ukishapandisha ISO umekwisha kuitumia faida uliyoilipia kwenye sensa kubwa. Faida hiyo ipo kweli: jua likichoma kutoka juu na mwamba ukiwa gizani, sensa kubwa inashika vyote viwili vizuri zaidi. Lakini inataka kioo cha mbele kinacholingana nayo.

Jicho la samaki linaikwepa sehemu kubwa ya ugomvi huu. Lenyewe halijaribu kunyoosha mistari, na taswira iliyopinda hailisumbui sana, hivyo kona zake zinakaa safi hata nyuma ya kuba dogo. Linaona nyuzi 180 kutoka kona hadi kona na linalenga kitu kilicho karibu kugusa kioo. Lenzi ya jicho la samaki ya Canon 8-15 imekuwa kipenzi cha wazamiaji kwa miaka mingi kwa sababu hiyo, hata wenye kamera za Sony huifunga kwa adapta. Mnemba nilikaa na kasa aliyekuwa akila kwenye mwamba. Kuba liko kiganja kimoja kutoka puani mwake, kasa kajaa kwenye fremu, na nyuma yake mwamba mzima na tumbo la mashua yetu juu vinaonekana. Kuba la milimita 230 lisingepita kwenye ule mwanya niliolala.

Tena kuna mkondo. Kwenye mlango wa Njao, Pemba, siku za bamvua, kuba kubwa lililojaa hewa linakuvuta mikono juu na maji yanalisukuma kama tanga. Unamaliza mtungi ukipigana na kamera.

Haya, upande wa pili. Kwanza, jicho la samaki linamtaka mhusika akubali kusogelewa. Kolekole hawakubali. Pomboo wa Kizimkazi wakipita mita nne kutoka kwako watatoka kama dagaa, ilhali 16-35 ikivutwa mpaka 35 ingewapata na heshima yao. Pili, watu. Mzamiaji akiwa pembeni mwa fremu, mguu unarefuka na kichwa kinapinda, na mgeni aliyelipia picha hataki hivyo. Anayepata riziki kwa picha za wageni, kama huyu kijana, hawezi kuipuuza hoja hii.

Ya tatu ndiyo isiyopanguka kwangu: picha ya nusu juu, nusu chini. Nenda Jambiani maji yanapoanza kujaa, kina mama wako kwenye mashamba ya mwani, maji magotini. Unataka kamba na vigingi chini, uso na mtandio juu, na ngalawa nyuma yao. Kwenye kuba dogo, wimbi dogo tu linafunika kioo chote. Kwenye la milimita 230 mstari wa maji unatulia, na unapata muda wa kubonyeza. Unalilowesha kuba kwa mate kisha unalichovya, matone yasigande juu. Na mlingoti wa ngalawa unabaki umesimama. Jicho la samaki likiuweka pembeni linaukunja kama upinde.

Ipo njia ya tatu, ya lenzi zilizobuniwa kwa ajili ya maji yenyewe. Wazo si geni: Nikonos, kamera ya kuzamia iliyotoka mwaka 1963 kama mrithi wa kamera ya Calypso aliyoibuni Mbelgiji Jean de Wouters kwa ajili ya mzamiaji Mfaransa Jacques Cousteau, ilikuja kuwa na lenzi zilizogusa maji moja kwa moja. Siku hizi Nauticam, watengenezaji wa hauzingi, wana lenzi za WWL-1 na WACP-1, ambazo huichukua lenzi ya kawaida ya milimita 28 na kuipa nyuzi 130, kona zikiwa safi bila kubana tundu sana. Kwa ubora wa picha chini ya maji sina la kuzipinga. Lakini hazikutengenezwa kwa nusu juu nusu chini, na WACP-1 peke yake ina karibu kilo 4, wakati ndege ndogo za Pemba kwa kawaida zinakuruhusu mzigo wa kilo 15, regileta (kifaa cha kupumulia) na nguo humo humo. Bei yake inazidi ya kamera nyingi. Kwa kijana wa Nungwi hilo limekwisha.

Kuhusu kuba la kioo au la akriliki, yaani plastiki ngumu angavu, nasimama na akriliki kwa anayeanza. Langu lilibamizwa na mnyororo wa nanga ndani ya mashua. Nililisugua kwa msasa wa maji, namba laini kufuata laini zaidi, jioni nzima, na mwaka wa nne huu linafanya kazi. Kioo kingebaki na mkwaruzo wake. Pete ya kurefusha, inayokaa kati ya hauzingi na kuba, nayo aipime kwa jedwali la mtengenezaji wa hauzingi, asikisie, kwa sababu lenzi isipokaa kwenye kitovu cha duara la kuba, kona zitachafuka hata kwa lenzi nzuri kiasi gani.

Alisikiliza yote, akauliza tena habari ya kina mama wa mwani, maana bibi yake ni mmoja wao. Akachagua jicho la samaki na kuba la milimita 140 la akriliki, na kuba kubwa langu ataliazima siku za Jambiani. Jumapili maji ni mafu, tunakwenda Mnemba. Hauzingi itashuka kwanza tupu, oringi, pete ya mpira inayozuia maji, imepakwa grisi, karatasi ya tishu imekunjwa ndani, mpaka mita 20 na kurudi. Tishu ikipanda kavu, kamera inaingia.