Chanjo ya mbwa: kila mwaka, au kila baada ya miaka mitatu?

Kadi nyingi za chanjo ya mbwa Tanzania na Kenya huandikwa tarehe ya kurudi baada ya miezi 12. Wafugaji wanaosoma mtandaoni hukuta mwongozo wa WSAVA, chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, usemao kwamba chanjo kadhaa za msingi hazihitaji kurudiwa kabla ya miaka mitatu. Ndipo wanapouliza kama wanalipia sindano zisizohitajika. Wana haki ya kuuliza, ila jibu halipatikani mpaka magonjwa yatenganishwe.

Kwa magonjwa ya virusi ya distempa, parvo na homa ya ini ya mbwa, wanaotetea miaka mitatu wana hoja nzito. Chanjo hizi hutumia virusi hai vilivyodhoofishwa, na kinga ikishashika hudumu kwa miaka. Mambo huharibika mwanzoni. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mama kupitia dang'a, na kinga hiyo hiyo huua virusi vya chanjo kabla mwili haujajifunza kupambana. Huisha polepole, kwa wengi kati ya wiki ya 8 na ya 16, na hakuna ajuaye kwa macho imeisha lini. Ndiyo maana sindano huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16 au zaidi, kisha moja tena akiwa na miezi 6 hadi 12. Mbwa aliyeishia dozi ya wiki ya 9 anaweza kufa kwa parvo, mwenyewe akabaki kulaumu dawa. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo hata mwaka mzima. Sakafu ya saruji husuguliwa kwa sabuni, kisha dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa 30 vya maji. Udongo hausafishiki hivyo, kwa hiyo usilete kibwa ambaye hajamaliza dozi kwenye ua alimofia mwingine.

Homa ya mgunda (leptospirosis), ugonjwa wa bakteria unaowapata mbwa na watu, uliotangazwa Lindi mwaka 2022 baada ya watu kufariki, ni habari nyingine. Chanjo yake hutengenezwa kwa bakteria waliouawa na kinga yake ni ya takriban miezi 12. Huanza kwa dozi mbili zenye wiki 2 hadi 4 kati yake, kisha kila mwaka. Hapa ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Katika chanjo nyingi za mchanganyiko, chupa moja ina unga mkavu wa distempa na parvo, ya pili ina maji yenye chanjo ya mgunda, na daktari huyeyusha unga kwa maji hayo. Mbwa mzima akipewa vyote kila mwaka, unga huo anaupata mara nyingi kuliko anavyouhitaji. Unaweza kuomba achomwe ya maji peke yake.

Kichaa cha mbwa ndicho chenye ubishi wa kweli. Zipo chanjo zilizosajiliwa kwa kinga ya miaka mitatu: mililita 1 kwa mbwa wa ukubwa wowote, kuanzia wiki ya 12. Watetezi wa kila mwaka husema joto huharibu dawa njiani. Utafiti uliofanywa Tanzania ulionyesha kuwa mojawapo ya chanjo hizo ilibaki na nguvu baada ya miezi 6 kwenye nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30, hivyo hoja hiyo imepungua uzito kwa chanjo hiyo. Hata hivyo, hapa bado naunga mkono kila mwaka. Dalili zikishaanza, tiba karibu haipo, na watoto chini ya miaka 15 ni kama wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa. Pia tarehe iliyopita kwenye kadi humweka mwenye mbwa pabaya siku mbwa wake anapouma mtu.

Wanaohofia madhara hawajakosea kabisa. Uvimbe mdogo na usingizi wa siku moja ni kawaida. Uso kuvimba au kutapika ndani ya saa moja ni dharura, kwa hiyo subiri kliniki kidogo kabla ya kuondoka, hasa kwa mbwa mdogo aliyechomwa sindano kadhaa kwa siku moja.

Anayepanga kumpeleka mbwa Ulaya kutoka huku asicheze na tarehe. Damu hupimwa angalau siku 30 baada ya chanjo ya kichaa, kiwango cha kinga kifike 0.5 IU kwa mililita, kisha miezi mitatu ya kusubiri tangu damu ilipochukuliwa. Chanjo ikipitwa na tarehe, safari hiyo yote huanza upya. Na kila unapochanja, hakikisha stika ya chupa, yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, imebandikwa kwenye kadi kando ya saini ya daktari.